Viunzi Havisogei, Hatua Hubadilika

Nyuma ya mlango wa nyumba ya sajenti mmoja wa polisi, katika kambi moja mjini Kampala, lilining'inia daftari lililofungwa kwa uzi pamoja na kalamu ya risasi. Ndani yake mlikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula, na katika kila mstari siku, saa na kazi. Jumatatu, saa 11 alfajiri, kilomita 8. Jumanne, pushapu 100 na kuchuchumaa mara 100. Jumatano, kilomita 8 tena. Ndivyo ilivyoendelea hadi Jumapili, ambayo haikupewa mapumziko bali kilomita 12. Mwenyewe aliliita daftari hilo "amri za siku".

Alikuwa na umri wa miaka 41, na alikuwa na sababu ya kuliandika. Baba yake, ambaye naye alikuwa polisi, alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka 54, akalala kitandani miezi saba, upande mmoja wa mwili ukiwa hauna nguvu, kisha akafariki dunia. Sajenti ndiye aliyekuwa akimgeuza mzee kitandani kila alipopata likizo. Siku ya maziko aliapa moyoni kwamba watoto wake wanne hawatakuja kumgeuza yeye. Kwa hiyo daftari lile halikuwa mchezo wa mtu apendaye kutazamwa kifua. Lilikuwa ngao.

Lakini ngao nayo, ikiwa nzito kupita kiasi, humwangusha aibebaye.

AMRI ISIYOJUA MVUA

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili alirudi kutoka zamu ya usiku saa 12, mvua ikinyesha. Mkewe alikuwa amekwisha kupika uji. Sajenti akavua buti, akavaa raba, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni kulitazama daftari.

"Baba Watoto, umekesha usiku kucha," mkewe akamwambia. "Lala kwanza. Barabara haitahama."

"Amri haijui usingizi, Mama Watoto," akajibu, akatoka.

Kwa wiki tatu alikuwa akisikia maumivu juu ya wayo wa mguu wa kushoto. Hayakuwa maumivu ya msuli, ambayo huenea na kupungua mwili unapopata moto. Haya yalikaa mahali pamoja, mahali ambapo kidole kimoja chaweza kupaonyesha, na yalizidi kila alipokimbia. Aliyaficha, kwa kuwa daftari halikuwa na mstari wa maumivu. Asubuhi ile ya mvua, alipokuwa akishuka kilima, mguu ukakataa kabisa. Alirudi nyumbani akichechemea, ameshika ukuta wa nyumba hadi nyumba, na majirani wakimtazama.

Daktari alipoitazama picha ya eksirei akamwambia kwamba mfupa mmoja wa wayo umepata ufa. Akamwambia pia kwamba ugonjwa huo ni wa askari tangu zamani. Mwaka 1855 daktari mmoja wa jeshi la Prussia, jina lake Breithaupt, aliandika habari za askari waliovimba miguu na kuumwa baada ya kutembea safari ndefu za kijeshi. Hakuweza kujua kwamba mifupa yao imepasuka, maana eksirei iligunduliwa mwaka 1895, miaka 40 baadaye. Ilipogunduliwa, ndipo nyufa zenyewe zilipoonekana.

Mfupa si jiwe. Ni kitu hai, ambacho hubomolewa kidogo na kujengwa upya kila siku. Mtu anapokimbia, sehemu ndogo sana za mfupa hulegea; anapopumzika, mwili huzijenga tena, mara nyingi kwa nguvu kuliko mwanzo. Mazoezi ni kubomoa, mapumziko ni kujenga. Anayebomoa kila siku bila kumpa mwashi nafasi, siku moja ukuta utamwangukia. Msuli nao ni hivyohivyo: haukui wakati wa kunyanyua, bali baadaye, mtu akiwa amekula na kulala. Sajenti alikuwa ameyaandika mazoezi yote, lakini nusu ya kazi, yaani mapumziko, hakuiandika mahali popote.

DAFTARI LAFUNGWA

Aliamriwa kupumzisha mguu kwa wiki sita. Ziliisha, mguu ukapona, lakini daftari halikufunguliwa. Hapo ndipo ilipoonekana hatari ya pili, ambayo ni dada wa ile ya kwanza. Mtu aliyejizoeza kwamba mazoezi ni kilomita 8 au si kitu, akishindwa kutimiza kilomita 8, huchagua si kitu.

Basi kila siku ikapata sababu yake. Leo ni mvua, kesho ni zamu, keshokutwa kuna mgeni kutoka kijijini. Sababu hizo zote zilikuwa za kweli, na ndiyo maana zilikuwa na nguvu. Mwezi ukapita, kisha mwaka. Mkanda wa sare ukasogezwa tundu mbili. Akaanza kusimama katikati ya ngazi za ofisi na kujifanya anafunga kamba za kiatu.

Siku ya kupimwa afya, muuguzi alimfunga kitambaa cha kipimo mkononi, akasoma, akakifungua, akakifunga tena. Shinikizo la damu lilikuwa 165 kwa 102. Daktari akamwandikia vidonge, akamkataza kuviacha kwa kuwa anajisikia vizuri, maana ugonjwa huu hauumi. Kisha akamuuliza kama katika ukoo wao kuna mtu aliyepata kiharusi.

Sajenti alitembea kurudi kambini bila kupanda gari. Njia nzima aliona mikono yake mwenyewe ikimgeuza mzee.

CHUNGU CHA KILA SIKU

Usiku ule alilishusha daftari la zamani, akachukua rula, akaanza kupiga mistari upya: Jumatatu, saa 11 alfajiri, kilomita 8. Mkewe alikuwa akichambua maharage kando ya taa. Alimtazama kwa muda, kisha akasema:

"Baba Watoto, nikuulize neno. Tangu umenioa, umepata kulala njaa katika nyumba hii?"

"La, hasha."

"Na umepata kuniona nikipika kipimo kilekile kila siku?"

Sajenti akanyamaza. Mkewe akaendelea, mikono yake haikuacha maharage. Chungu, alisema, hupanda motoni kila siku. Hilo halina mjadala, iwe mvua, iwe kilio, iwe sikukuu. Lakini kilichomo hufuata siku yenyewe. Mshahara ukiingia kuna nyama. Mwezi ukiwa mrefu kuna maharage. Wageni wakija maji huongezwa. Mtoto akiugua hupikwa uji. "Mimi nami nina ratiba," akasema. "Ila ratiba yangu huanza kwa kutazama ghala na kuhesabu vichwa. Yako huanza kwa rula."

Hakuna aliyesema zaidi. Lakini sajenti hakuendelea kupiga mistari, na maneno yale yalimkumbusha jambo ambalo alilisikia kwa baba yake tangu utotoni, akalielewa nusu tu.

POLISI WA NJIA YA KWANZA

Mzee alikuwa konstebo kijana mwaka 1972, na hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya John Akii-Bua. Huyu alizaliwa mwaka 1949 katika nchi ya Lango, kaskazini ya Uganda, akaingia polisi, na humo ndimo alimojifunza mbio za kuruka viunzi. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970 alimaliza wa nne. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Septemba 1972, katika Michezo ya Olimpiki mjini München, alishinda mbio za meta 400 za viunzi kwa sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia mbio hizo chini ya sekunde 48 kabla yake, na Uganda haikuwa imepata kamwe medali ya dhahabu ya Olimpiki. Nyuma yake walikuwa Ralph Mann wa Marekani na David Hemery wa Uingereza, ambaye ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia. Tena Akii-Bua alikuwa amepewa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali kuliko za njia nyingine zote na humpa taabu mtu mrefu.

Katika hadithi hiyo sajenti alikuwa amechukua chuma peke yake: namna Akii-Bua alivyofanya mazoezi akiwa amevaa fulana yenye uzito, namna mwalimu wake Mwingereza, Malcolm Arnold, alivyompa kazi ambazo wengine wangezikimbia. Alichokiacha ni hesabu ya hatua, ingawa mzee aliieleza kila mara kwa kuchora chini kwa kijiti.

Mbio hizo zina viunzi 10. Cha kwanza kiko meta 45 kutoka mahali pa kuanzia, kila kimoja kiko meta 35 kutoka kingine, na baada ya cha mwisho zimebaki meta 40. Viunzi havisogei. Mkimbiaji aliyechoka hawezi kukiomba kiunzi cha nane kimkaribie. Lakini mwili uliochoka hauwezi kupiga hatua ndefu kama za mwanzo, na anayeng'ang'ania hesabu ileile ya hatua hadi mwisho hujikuta yuko mbali na kiunzi, akakigonga. Wakimbiaji wengi huruka kwa kutanguliza mguu mmoja tu. Kwa hiyo hatua zikifupika huwalazimu kuongeza hatua mbili kwa mara moja, ili mguu uleule uje mbele, nao mwendo hukatika. Akii-Bua aliweza kuruka kwa mguu wowote. Kwa hiyo aliweza kuongeza hatua moja tu, kwa kiasi kilekile mwili ulichodai, bila kupoteza mwendo.

Hapo ndipo palipokuwa na siri. Alikuwa na nidhamu ya chuma juu ya viunzi, na uhuru juu ya hatua. Uhuru wenyewe haukuwa ulegevu, maana kujifunza kuruka kwa miguu yote miwili ni kazi kubwa kuliko kuruka kwa mmoja. Sajenti alikuwa amefanya kinyume: aliziganda hatua, na matokeo yake akavigonga viunzi vyote.

VIPIMO VITATU

Daftari jipya lilianza kwa ukurasa mmoja tu wa amri, nazo zilikuwa chache. Mazoezi siku sita, na Jumapili mapumziko. Wakati wake si saa ya ukutani, kwa kuwa polisi mwenye zamu hana saa ya kudumu. Wakati wake ni baada ya kuamka na kabla ya kuoga, usingizi uwe umeishia asubuhi au adhuhuri. Utaratibu ni uleule siku zote: kupasha mwili moto, kazi yenyewe, kisha kutulia. Na amri ya mwisho: siku moja yaweza kupotea, lakini mbili zisifuatane, isipokuwa kwa ugonjwa. Hivyo vilikuwa viunzi vyake.

Hatua alizigawa katika vipimo vitatu. Kipimo kamili kilikuwa dakika 40, kwa siku aliyolala vizuri. Kipimo cha nusu kilikuwa dakika 20, kwa siku ya kazi nyingi. Cha tatu alikiita kipimo cha akiba, dakika 11 tu, ndani ya chumba, bila chombo chochote.

Dakika 11 hizo hakuzitoa hewani. Katika miaka ya 1950 jeshi la anga la Kanada lilikuwa na marubani waliokaa katika vituo vya mbali, ambako hakukuwa na ukumbi wa mazoezi wala nafasi. Mtaalamu mmoja, Bill Orban, akawatungia mazoezi matano ya dakika 11 kwa siku: kunyoosha mwili dakika mbili, kisha dakika moja kwa tumbo, moja kwa mgongo, moja kwa pushapu, na dakika sita za kukimbia pale pale mtu aliposimama. Wanawake walipewa mpango wao wa mazoezi 10 kwa dakika 12. Baadhi ya mikao ya wakati ule leo hurekebishwa ili isiumize mgongo, lakini busara yake imebaki. Muda haubadiliki na utaratibu haubadiliki. Kinachopanda ngazi kwa ngazi, kufuatana na umri na nguvu za mtu, ni idadi na ugumu.

Dakika hizo zatosha? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lawataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kadiri, au nusu ya hizo za mazoezi makali, pamoja na kazi za kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Mwongozo huohuo wasema kwamba kidogo ni bora kuliko bure, na kwamba kazi za nyumbani na kutembea kwenda kazini navyo vyahesabiwa. Mama mwenye kubeba maji, kulima bustani na kupanda kilima kwenda sokoni amekwisha kuanza hesabu yake, ingawa hakuna aliyempigia saluti.

Mazoezi ya kadiri hupimwa bila mashine. Mtu aweze kuzungumza, lakini asiweze kuimba. Wanaokimbia mchakamchaka wanalijua jambo hili bila kufundishwa: wimbo ukianza kukatika mstari wa nyuma, mwendo umezidi.

Sajenti aliandika pia lini kushuka kipimo, ili uamuzi usiachiwe uvivu wala kiburi. Akitoka zamu ya usiku, usingizi kwanza, kisha kipimo cha nusu. Maumivu yaliyokaa mahali pamoja kwenye mfupa, aache kukimbia na aende akaonwe. Homa, aache kabisa. Na akiugua malaria asirudi mazoezini kwa haraka hata homa ikishuka, kwa maana wengu huvimba katika ugonjwa huo na waweza kupasuka. Maumivu ya kifua, au kizunguzungu, ni jambo la hospitali siku ileile. Na kupanda kipimo kuwe kidogo kidogo, mfupa upate nafasi ya kufuata moyo.

DENI LISILOLIPWA

Mpango wowote hujulikana siku ya taabu. Mwezi wa tano wa daftari jipya, sajenti alipelekwa mikoani kwa kazi maalumu siku 16. Walilala watu wanane katika hema moja, wakila walipopata. Zamani angerudi na kurasa 16 tupu na moyo uliovunjika. Safari hii alirudi na alama tisa za kipimo cha akiba, alizozipata kati ya vitanda viwili, wenzake wakimcheka siku ya kwanza na wawili wakimfuata siku ya nne.

Hata hivyo, jioni aliyofika nyumbani, rula ya zamani ilimrudia moyoni. Akahesabu: siku saba zimepotea, ukiondoa Jumapili mbili zimebaki tano. Akatangaza kwamba kesho atakimbia mara mbili, asubuhi na jioni, mpaka deni liishe.

Mkewe alikuwa akimpakulia. "Baba Watoto," akasema, "siku ulizokuwa huko hukula chakula cha hapa. Nikupakulie sahani 16 usiku huu?"

Watoto wakacheka, naye mwenyewe akacheka. Lakini lilikuwa funzo. Mazoezi hayana mkopo wala malimbikizo. Mwili haulipi deni la jana, hufanya kazi ya leo. Wengi huvunjika katika kulipa, hasa askari anayerudi likizo au anayekaribia mtihani wa afya, akataka kurudisha miezi mitatu kwa wiki mbili.

Alipopimwa mwisho wa mwaka, shinikizo lake lilikuwa 136 kwa 86. Vidonge bado anameza, kwa amri ya daktari. Mkanda umerudi tundu moja, si mbili. Hakuna aliyempa medali.

Kuna mabadiliko mengine ambayo kipimo cha muuguzi hakiyaoni. Jumapili jioni, ambayo zamani ilikuwa siku ya kilomita 12 za peke yake, sasa hutembea na mkewe hadi juu ya kilima na kurudi, watoto wakitangulia. Mama Watoto hakuwahi kuandikwa katika daftari la kwanza. Katika la pili ana safu yake mwenyewe, na mara nyingi ina alama nyingi kuliko ya mumewe.

Asubuhi moja hivi karibuni sajenti alirudi kutoka lindoni, mvua ikinyesha kama siku ile. Akavua buti, akanywa uji, akalala. Saa 5 mkewe alimwamsha. Mvua ilikuwa haijakoma. Alitandika mkeka kati ya kitanda na kabati, na mtoto wa mwisho akakaa mlangoni na saa ya mkono ya baba yake, akihesabu dakika kwa sauti. Ilipotimia ya 11, mtoto alisimama kwa ncha za vidole, akalivuta daftari kwa uzi wake, akatia alama.